Tundu la Msumari

Reli ndogo aliyoijenga baba ilijaa chumba kizima cha uani. Kitanda kipya cha mgonjwa, kile cha kupandishwa kwa mkono wa chuma, hakikuweza kuingia kwingine, kwa hiyo reli ilibidi ivunjwe. Ndivyo walivyokubaliana ndugu wawili, mshonaji na kaka yake dereva wa lori, na Jumamosi hiyo asubuhi walisimama mlangoni na nyundo, koleo na magunia matupu.

Baba yao alikuwa stesheni masta mstaafu. Kiharusi kilimwangusha miezi mitatu nyuma, kikamwachia mkono wa kushoto na macho. Maneno yalikwenda yote. Alilala chumba cha pili, ukuta mmoja ukimtenga na reli yake, kikombe cha bati kikiwa kando ya mto. Akitaka maji au kugeuzwa, aligonga ukutani.

"Tumwambie?" mshonaji aliuliza.

"Tumwambie ili akatae? Na akikataa tutamsikiaje?" dereva akajibu, kisha mwenyewe akaona haya kwa utani wake. "Tuanze, bibi wee. Shemeji akija saa nane azikute mbao tayari."

Shemeji huyo alikuwa mume wa mshonaji, seremala. Mbao angezichukua yeye kwa kazi zake, lakini hasa alikuwa anakuja kumnyoa mzee. Kila Jumamosi alimnyoa. Tangu augue, mzee hakukubali mtu mwingine amguse uso, hata watoto wake wa kuwazaa.

Wakaanza. Ilikuwa reli ya kuchezea, lakini hapakuwa na aliyewahi kuichezea. Baba aliijenga kwa mikono yake juu ya mbao kubwa zenye miguu: stesheni ya vipande vya makasha, miti ya sponji iliyopakwa rangi ya kijani, mlima wa waya na magazeti uliopigwa plasta, na treni ya mabehewa manne iliyozunguka ikilia kama nyuki chupani. Walipokuwa wadogo waliruhusiwa kutazama wakiwa wamefunga mikono nyuma. Penye stesheni reli iligawanyika njia mbili, na njia ya pili baba alikuwa ameigandisha kwa gundi. Treni haikuwahi kupita huko. Siku moja dereva, akiwa na miaka minane, alijaribu kuibandua kwa kijiko. Alichapwa hadi mama akaingia kati.

"Kumbe hii kitu ni nyepesi," dereva alisema akiinua kipande cha mlima. "Mimi nilidhani ni jabali kweli."

Kitu kikacheza ndani. Alipasua plasta kwa nyundo, na kutoka kwenye magazeti ikaanguka filimbi ya chuma, yenye kamba iliyooza.

Dereva akaiokota, akaigeuza, akacheka kwa mshangao. "Filimbi ya mwalimu wa michezo! Darasa la nne! Nilikula viboko sita kwa kuipoteza."

Walipasua tena. Kikatoka kiberiti chenye jino la utoto, hereni moja ya marehemu mama yao, na kibanio cha nywele cha mshonaji, chekundu, umbo la kipepeo. Kwa dakika kadhaa walikuwa watoto tena. Mshonaji aliishika hereni shavuni, akakumbuka mama alivyofagia nyumba nzima siku tatu akiitafuta, na baba akimsaidia, amepiga magoti chini ya meza na taa mkononi.

Hapo kicheko kikamkauka. Baba alikuwa anatafuta kitu alichokuwa nacho yeye mwenyewe.

"Kaka," alisema polepole, "kwa nini alivificha?"

"Wazee wana mambo yao. Labda aliviokota baadaye."

"Na akavipiga plasta?"

 Dereva alisogea kwenye stesheni, akaitikisa. Na yenyewe ilicheza. Paa lake lilikuwa limepigwa misumari midogo minne, wakati nyumba nyingine zote zilibandikwa kwa gundi tu. Alipochomeka ncha ya kisu chini ya paa, mbao ikalia kwa nguvu, na upande wa pili wa ukuta kikombe kikaanza kugonga.

Haukuwa mlio wa kutaka maji. Ulikuwa wa haraka, bila kupumzika, kama mtu aliyefungiwa.

Mshonaji akakimbia. Alimkuta baba amejiburuta hadi ukingo wa kitanda, mto chini, jasho likimtiririka. Alimpa maji, akayakataa. Alimgeuza, macho yakabaki ukutani. "Ni sisi, baba. Tunatoa reli upate nafasi." Mkono wa kushoto ukamkamata kwenye kifundo kwa nguvu ambazo hakujua bado zimo, ukamvuta chini, karibu na mdomo usiosema. Ilimbidi afungue kidole kimoja kimoja.

Aliporudi, kaka yake alikuwa amekaa sakafuni, paa la stesheni limeng'oka, kichupa cha vidonge kilichokuwa ndani yake kiko wazi, na karatasi mkononi.

"Funga mlango," alisema.

Ilikuwa fomu ya stesheni, ya zile zilizotumika zamani kumpa mgeuza njia amri kabla treni haijafika. Tarehe waliijua wote wawili. Mji mzima uliijua. Saa nne kasoro dakika kumi. Treni ya abiria. Ipokelewe njia ya pili. Chini yake, sahihi ya baba yao, yenye mkia mrefu uleule uliokuwa kwenye ripoti zao za shule. Na katikati ya karatasi kulikuwa na tundu dogo lenye kutu pembeni.

Asubuhi hiyo, miaka ishirini na sita nyuma, treni ya abiria iliingizwa njia ya pili, na njia ya pili ilikuwa na mabehewa ya saruji. Watu tisa walikufa. Mgeuza njia alisema mahakamani kwamba alipewa karatasi, akaichomeka kwenye msumari wa kibanda chake kama siku zote, na alipotoka kukimbilia majeruhi na kurudi, msumari ulikuwa mtupu. Stesheni masta alisema aliamuru njia ya kwanza. Nani angemwacha stesheni masta amwamini mgeuza njia? Alifungwa miaka mitano. Alirudi na kifua kibovu, hakumaliza mwaka. Watu walikuwa wamekwisha kumbandika jina: Tisa. Mkewe aliitwa mke wa Tisa sokoni, na mwanawe akaitwa mtoto wa Tisa shuleni.

Mtoto huyo ndiye aliyekua akawa seremala, akaja kumposa mshonaji. Watu walingoja mzee amfukuze. Mzee alikubali siku ileile, hata kiti hakijapata joto. Mji ukamsifu: moyo wake mkubwa kama uwanja wa mpira.

Mshonaji akaketi chini. Kama hereni ile, karatasi nayo ilikuwa kwa baba muda wote.

"Nipe kiberiti," dereva alisema.

"Usithubutu."

"Dada, sikiliza. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliyekufa kafa. Huyu naye anakufa. Unataka kuvunja nyumba yako kwa mkono wako?"

"Na mama mkwe wangu? Anapita njia za nyuma hadi leo ili asionane na watu!"

"Amezoea."

Alipolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwake, dereva mwenyewe aliinamisha kichwa. Lakini hakuirudisha karatasi. Ikabidi mshonaji aichukue, na kaka akaiacha ichukuliwe, kama mtu anayeshukuru kupokonywa kisu.

Saa nane kasoro geti likalia. Seremala aliingia na beseni lake, sabuni, taulo begani na wembe ndani ya kikoba cha ngozi. Alitazama uharibifu, akatabasamu. "Loo! Mmepigana vita au mmevunja reli?"

 Mshonaji alikuwa amepanga maneno, yakamtoroka. Akampa karatasi tu.

Alisoma amesimama. Alipomaliza, alipitisha ncha ya kidole juu ya tundu, taratibu, kama anavyopima ubao kabla ya kuupiga randa.

"Ilikuwa wapi?"

"Ndani ya stesheni," mshonaji akasema. "Mume wangu, mimi sikujua. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua." Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Kisha akainua beseni na wembe. "Maji ya moto yapo?"

"Leo acha," dereva alisema, akisimama mlangoni. "Shemeji, leo acha tu."

"Ni Jumamosi. Nipishe."

Akapishwa. Mlango wa mgonjwa ukafungwa kwa ndani, komeo likalia.

Ndugu wawili wakasimama kwenye ukumbi mwembamba. Walisikia maji yakimiminwa. Walisikia brashi ikisugua sabuni. Kikombe hakikugonga. Kisha wakasikia sauti ya seremala, chini sana, maneno hayashikiki, na baada ya hapo wembe juu ya ndevu ngumu: kra, kra, kra. Ukanyamaza. Mshonaji alihesabu pumzi zake mwenyewe hadi ishirini. Dereva akaweka bega mlangoni.

Komeo likafunguka kabla hajasukuma. Seremala alitoka, maji ya beseni meupe kwa povu, hayana hata tone jekundu. 

"Nimemaliza upande mmoja," alisema. "Wa pili nimeshindwa. Ametazama mfuko wangu tangu nilipoingia. Nilipofika kooni, akafumba macho akainua kidevu. Alikuwa ananipa." Akaweka beseni chini. "Nikaogopa. Si yeye, nimejiogopa mimi. Naenda kwa mama."

Usiku huo hakurudi nyumbani.

Kesho yake saa nne mama mkwe alikuja, kwa njia kubwa, mbele za watu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anaposalimia. Leo hakuomba.

"Mkwe wangu, nipe kiti."

Mshonaji akampelekea kiti kando ya kitanda. Mzee alikuwa amelala na uso wa nusu, shavu moja laini, moja jeupe kwa ndevu. Mama mkwe aliitoa karatasi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtoto wa shule: tarehe, saa, treni, njia, sahihi. Akaikunja. Akakaa hapo kama robo saa. Akaondoka.

Kesho yake akaja tena, saa nne ileile, akasoma tena. Na kesho kutwa. Dereva alipojua akaja juu. "Huko ni kumuua mzee polepole! Na wewe unamfungulia mlango!"

"Ndiyo," mshonaji alisema, "namfungulia."

Siku ya nne dereva hakuja, wala ya tano. Mama mkwe hakukosa. Siku kumi na moja alisoma, na siku zote hizo mzee alisikiliza, machozi yakimwingia sikioni, hakugeuza uso hata mara moja.

Siku ya kumi na mbili hakuja. Saa nne ikapita. Mzee akaanza kugonga ukutani, akitazama mlango. Alikataa uji. Alikataa maji. Jioni mshonaji alishindwa kuvumilia, akaenda kwa mama mkwe, akamkuta barazani anachambua kunde na jirani aliyekuwa hajakanyaga nyumba ile miaka mingi. Seremala alikuwa pembeni, anatengeneza mguu wa stuli. Aliinua macho, akayashusha.

"Mama, anakungoja," mshonaji alisema. "Hali kitu."

"Mwache angoje."

"Atakufa, mama."

"Niliposoma ile karatasi mara ya kwanza, nilitaka afe. Sasa sitaki kitu kwake." Akapuliza makapi kwenye ungo. "Nimechoka kumwona, mwanangu. Basi."

Mzee aliishi siku tatu zaidi, uso mlangoni. Hakuna aliyemnyoa upande ule wa pili.

Seremala alirudi nyumbani wiki moja baada ya mazishi. Alizibeba mbao za reli, akazikata, zikawa rafu za karakana. Siku hizi wanakula pamoja, wanazungumza habari za wateja na bei ya vitambaa, na ukiwaona utasema hawa wamevuka. Lakini mshonaji anasema kuna nyakati hunyanyua macho kutoka kwenye cherehani na kumkuta mumewe amesimama tu, anautazama uso wake kwa makini, sehemu baada ya sehemu, kama anayetafuta umefanana na wa nani.