Senene wa Ta Ndyamukama

Kutoka Muleba mpaka Kemondo, Klaudia alikuwa akisema, hakuna mwanamke anayepika kahawa ya kutafuna ikaishinda ya kwake. Akishasema hivyo hucheka, fizi zote nje, na kuongeza kwamba yeye mwenyewe hajatafuna hata punje mwaka wa sita huu, kwa hiyo huenda anadanganya.

Watu walicheka naye. Kwa wageni alikuwa bibi mtamu kama ndizi mbivu. Ganda alilibakiza nyumbani, na aliyelikanyaga kila siku ni mkamwana wake, Annastella.

Annastella alitoka Ngenge, na Klaudia hakumwacha asahau. Akipika ebitoke na maharage, Klaudia huuliza kama huko Ngenge ndizi huoshwa kabla ya kupikwa au baada ya kuliwa. Mimba yake ilipofika mwezi wa sita, Klaudia alimwambia jirani, Annastella mwenyewe akiwa palepale anamenya ndizi, kwamba tumbo lile limekaa kama la mtu aliyeshiba tu. Kosa lake hasa lilikuwa moja. Datius, mtoto wa pekee wa Klaudia, siku moja alilamba vidole na kusema mbele ya mama yake, "Mke wangu anajua kupika, jamani." Tangu siku hiyo Klaudia alitafuta mlango wa kumtolea.

Novemba senene, wale panzi wa kuliwa, wakaanguka. Mjini Bukoba watu waliwasha mataa makubwa, wakasimamisha mabati, na senene wakaporomoka kwenye mapipa. Lakini Ta Ndyamukama, kaka wa marehemu mume wa Klaudia na mkubwa wa ukoo, hakula senene wa bati. Alitaka wa majani, waliookotwa kwa mkono alfajiri umande ungalipo, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Kila mwaka mjane wa mdogo wake alimjazia kikapu chenye mfuniko, naye akaja na kitenge kipya. Tena aliwataka wazima. Meno hakuwa nayo, lakini alikwenda kuwatwanga mwenyewe kwake, maana senene akishatwangwa, alisema, hujui umepewa senene au umepewa karanga.

Zamani wanawake wa Kihaya walikamata senene, wanaume wakala. Siku hizi hata walimu wa kike wanatafuna njiani. Nyumbani kwa Klaudia zamani ilikuwa haijaisha.

"Ukila, utazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka," alimwambia Annastella. "Sisi si watu wa Ngenge."

Kwa hiyo asubuhi tatu Annastella aliinama na tumbo lake majanini, gauni limelowa mpaka kiunoni. Mchana alinyofoa mabawa na miguu, Klaudia kakaa mkekani anakagua. "Huyu umemwachia mguu. Unataka amkimbie mzee?" Walipokaangwa, harufu ilijaa uani. Klaudia alimwona mkamwana wake akimeza mate, akafurahi siku nzima.

Jumapili Datius na mkewe walikwenda misa. Klaudia alibaki. Goti lake lilikuwa na dini yake, liliuma Jumapili tu.

Alikusudia amnyonye senene mmoja, chumvi tu. Mmoja akamwita wa pili. Bila meno ikawa mateso, kama kuoga umevaa koti la mvua. Akachukua kinu kidogo cha karanga, akatwanga konzi moja, akalamba kwa kidole. Akatwanga nyingine. Watu walipoanza kurudi kutoka kanisani, kikapu kilikuwa kimeonyesha kitako. Maji ya kuoshea kinu hayakuwapo, na mchota maji alikuwa bado njiani na tumbo lake. Klaudia akakipangusa kwa jani la mgomba, akakirudisha jikoni, akaketi.

Kwanza aliogopa. Halafu ule woga ukageuka, ukamwonyesha mlango aliokuwa akiutafuta.

Jumanne Ta Ndyamukama alifika na kitenge ndani ya mfuko wa nailoni. Klaudia alimpokea kwa magoti, goti lile lile, akamkabidhi kikapu kwa mikono miwili. Mzee akafunua. Akainamisha kikapu kwenye mwanga wa mlango, akakitikisa.

"Mulamu, shemeji yangu, hiki ni nini?"

"Nimeibiwa, waitu, mkubwa wangu," Klaudia akasema, na machozi yakaja yenyewe, mazuri kabisa. "Katika nyumba yangu. Nimemlea nyoka kwa ndizi zangu." Akageuka. "Annastella! Njoo hapa. Fungua mdomo."

Annastella alisimama, akamtazama mumewe. Datius alikuwa anasoma kucha za miguu yake.

"Fungua, mzee aone!"

Akafungua. Klaudia akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama mbuzi wa mnadani.

"Hesabu mwenyewe, mulamu. Thelathini na mawili, meupe, na njaa ya Ngenge nyuma yake. Meno kama haya yangewaacha senene?"

"Sikula, Ta," Annastella akasema, mkono tumboni. "Naapa kwa huyu niliyembeba."

"Mnamsikia? Hajamzaa, ameshamweka rehani."

"Mama," Datius akajaribu, "labda ni panya."

"Ni panya, ndiyo. Panya wa miezi sita. Huyo hapo amesimama."

Ta Ndyamukama hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yalifuatwa na ukoo mzima. "Mtu anayekula cha mkubwa wa ukoo hakai kwenye kibanja cha ukoo," alisema. "Kesho napita Muleba. Naweza kumfikisha kwa baba yake. Mtoto akizaliwa tutamfuata, ni wetu." Macho ya Annastella yakaenda mlangoni, yakakuta furushi la nguo zake limeshafungwa. Klaudia alilifunga tangu asubuhi, na sufuria moja ya Annastella akaisahau kwa makusudi. "Ila sijalitamka rasmi," mzee akaendelea. "Siwezi kutamka neno kubwa na koo kavu. Hapa leo hakuna kahawa?"

Klaudia aliona aibu kidogo. Mgeni ameketi muda wote huo bila kahawa! Hata jogoo wa jirani angemcheka. Akatoa kahawa yake mwenyewe, iliyochemshwa na majani yake ya siri na kukaushwa juu ya moshi, bila chumvi wala sukari. Kisha akaona raha ya mwisho imekaa mbele yake, akaiokota.

"Mpe huyu aitwange," alimwambia Datius. "Mzee hana meno. Iwe kazi yake ya mwisho hapa, angalau aondoke ameheshimu mtu."

Annastella akapokea, akaenda jikoni. Kupitia mlango uliokuwa wazi walimwona akikiinua kinu kidogo, akakisogeza karibu na uso, akatulia. Halafu akamwaga kahawa ndani.

Mchi ulipogonga mara ya kwanza, Klaudia akakumbuka kinu kile hakikuoshwa.

"Lete nzima!" akapiga kelele. "Mzee atainyonya!"

"Ninyonye na nini?" Ta Ndyamukama akauliza. "Twanga, mwanangu. Laini."

Mchi ukaendelea. Klaudia alisema hali ya hewa imebadilika. Alisema kahawa ya mwaka huu si nzuri, mvua imeiharibu. Datius akainua kichwa; hajapata kumsikia mama yake akiponda kahawa yake.

Annastella akaileta juu ya kipande cha jani la mgomba, akapiga magoti kwa shida, akampa mzee, macho chini. Ta Ndyamukama akachota kwa kidole, akatia ufizini, akafumba macho. Akachota tena.

"Ina chumvi," akasema.

"Jasho lake," Klaudia akajibu haraka. "Ni mchafu huyu, nimesema siku zote."

"Na ina mafuta." Akafumbua macho. Hakumtazama Annastella, alimtazama Datius. "Wewe mke wako ana meno mangapi? Mama yako ametuhesabia sasa hivi."

"Thelathini na mawili, Ta."

"Na wewe?"

"Yote ninayo."

"Basi nyie wawili mtatwanga senene kwa ajili ya nini?" Akageuza shingo taratibu mpaka akafika kwa Klaudia. "Humu ndani, mulamu, ukiniondoa mimi niliyefika leo, asiye na meno ni nani?"

Klaudia alifunga mdomo, fizi zikajificha. Alikuwa amechelewa. "Zilikuwa karanga," akasema. "Nilitwanga karanga Jumapili, waitu. Karanga zina mafuta, unajua mwenyewe. Na chumvi nilitia. Ni karanga tupu, nakuapia kwa kaburi la mdogo wako."

Ta Ndyamukama alikuwa amechota mara ya tatu. Akakinyanyua kidole kwenye mwanga wa mlango. Juu ya ncha yake, katikati ya kahawa, ulikuwa umenata mguu mmoja mdogo wenye miiba.

"Na hizi karanga zako, mulamu," akauliza, "huwa zinaruka?"