Kijani cha Mwalimu Lakhdar

Miaka nenda miaka rudi, Mwalimu Lakhdar aliwaambia wanafunzi wake wa fizikia pale chuo kikuu cha Setif kwamba madini ya fedha yanaweza kutoa kijani bila tone la rangi. Chora nukta za fedha ndogo kuliko vumbi, zipange safu kwa safu juu ya kioo, na nafasi kati ya nukta na nukta ndiyo itakayoamua mwanga gani urudi machoni. Hesabu alishaimaliza akiwa kijana. Mashine ya kuchorea ndiyo hakuwahi kuipata, na wenzake wakamcheka mpaka akastaafu.

Mashine ilipokuja chuoni, yeye alikuwa kitandani kwake Bousaada, saratani imemla ini. Aliyezichora nukta hizo ni Wassila, mwanafunzi wake wa mwisho. Kijani kilipojitokeza alilia peke yake maabarani, kisha akaapa kwamba Mwalimu atakiona kwa macho yake kabla hajafa. Alikitia kioo kwenye kijisanduku na kukibana kwa rababendi nene kisichezecheze njiani. Uangalifu huohuo ndio uliomponza. Theluji ilifunga barabara, akakwama kwa jamaa zake siku kadhaa, na kijisanduku kikashinda karibu na hita.

Mke wa Mwalimu, Mama Zoubida, alimpokea kwa kahawa.

"Ingia, ingia. Tangu asubuhi ananiuliza kama umefika. Utadhani anaoa tena."

"Nimekusikia," Mwalimu alisema kutoka kitandani. "Wassila, lete hapa penye dirisha."

Mwalimu alikifungua kijisanduku mwenyewe. Kioo kilikuwa na rangi chafu ya hudhurungi, kama sufuria iliyoungua.

"Kilikuwa kijani, Mwalimu. Wallahi kilikuwa kijani."

Mzee alikinusa kijisanduku. "Ulikibana kwa mpira."

"Ndiyo."

"Mpira una salfa, binti yangu, na salfa huila fedha. Nilikufundisha mwenyewe. Au siku hiyo ulisinzia?"

Wassila alitaka kucheka ili amridhishe, akashindwa. Alijichukia kupita kiasi.

"Haya, niambie kilivyokuwa," Mwalimu alisema.

"Kama ngano changa baada ya mvua."

"Na ukikiinamisha?"

"Kinaingia buluu. Kidogo tu."

"Kidogo tu," alirudia, na machozi yakamlengalenga. "Ndivyo hesabu inavyosema. Kutengeneza kingine kutachukua muda gani?"

"Miezi miwili. Mashine ina foleni."

Mama Zoubida, ambaye ndiye aliyezungumza na daktari, alibeba sinia na vikombe ambavyo hakuna aliyevigusa, akatoka.

"Basi fanya haraka," Mwalimu alisema.

"Nitafanya haraka."

Wote wawili walijua. Wassila alinyoosha mkono akichukue kile kioo, lakini mzee hakukiachia. Aliendelea kukiinamisha dirishani, huku na huku, akitafuta.