Mteremko wa Mzee Mazoea

Siku hiyo Aminieli, kiongozi wa wapanda mlima, alijitupa hemani saa nane mchana amefura kwa hasira. Theluji ilikuwa imeanguka siku mbili mfululizo, na shemeji yake Kirita, ambaye ndiye msaidizi wake, alikuwa amethubutu kusema mbele ya wageni sita kwamba mteremko wa juu haufai kuvukwa kesho alfajiri. "Nimevuka pale mara mia mbili," Aminieli alimjibu. "Leo wewe ndiye wa kunionyesha njia?" Usingizi ukamchukua na buti zake miguuni.

Akajikuta katika nchi nyeupe isiyo na jiwe wala kivuli. Mzee mnene mwenye uso wa ukarimu, jina lake Mazoea, aliongoza msururu wa watu waliobanana, kidole cha huyu kikigusa kisigino cha yule, wakiimba na kwenda pole pole ili pumzi zisiwaishie. Aminieli alifurahi, maana huo ndio mwendo aliowafundisha wageni maisha yake yote. Binti mrembo aitwaye Sifa akamshika mkono, akamweka mbele kabisa. Ndipo mwanamke mmoja mkavu, mwenye upawa wa jikoni, akamsimamisha. Huyo aliitwa Hadhari.

"Mwendo wenu ni mzuri kwenye udongo," alisema taratibu. "Hapa mnaurundikia mteremko uzito wote mahali pamoja, tena kwa muda mrefu. Je, mmeuuliza wenyewe umebeba nini?" Akachimba shimo kwa upawa. Juu palikuwa na theluji mpya, nzito, iliyoshikamana kama bamba. Chini yake chembe zimelegea kama sukari. Akaligonga bamba kwa kiganja, nalo likateleza lote. Mazoea hakugeuka hata kutazama. Aliendelea kuimba, na watu wake wakaporomoka pamoja naye, huku Aminieli akitaka kupiga kelele na sauti ikigoma.

Aliamka jua likiwa bado juu, amelowa jasho, akaona aibu. Akaazima upawa wa mpishi, akamwita Kirita, wakaenda kuchimba pembeni penye mwinamo mdogo. Walikuta bamba juu, sukari chini.

"Kesho tunashuka," alisema Aminieli. "Wageni nitawaambia mimi."

Wageni walinuna mpaka asubuhi. Walikuwa wakikunja mahema mlima uliponguruma, mteremko mzima ukashuka, na vumbi jeupe likaifunika njia ambayo wangekuwa juu yake saa ile. Aminieli aliketi juu ya mzigo, akalia kwa furaha bila kujali nani anamwona. Kirita alimletea chai.

"Ulijuaje?" aliuliza mgeni mmoja.

"Sikujua. Aliyejua ni huyu shemeji yangu," alisema Aminieli. "Jana nilimgombeza mbele yenu. Basi na asante nampa mbele yenu."