Mlinzi wa Ghala Chini ya Kisima

Katika mchezo wetu wa mashujaa wa kubuni, msimulizi ni mimi, nao dada na binamu huamua mashujaa wao wafanye nini. Bila kujisifu, kazi naijua. Lakini dada, fundi cherehani, alikuwa amenuna.

"Juzi panya wa ghalani, leo jini la kisimani. Vinahusiana nini, mdogo wangu? Nikichoshwa tena, naacha."

Akiacha yeye, binamu naye anaacha, nibaki nikiusimulia ukuta.

"Mnashuka kisimani," nikasema. "Jini hakuna. Yupo yule mlinzi wa ghala uliyemhurumia juzi, dada, ukamwachia. Anamimina sumu ileile iliyowatia panya wazimu."

Binamu akaangua kicheko. "Huruma yako hiyo!"

"Nyamaza wewe! Huyo namkamata mwenyewe," dada akasema, akivuta kiti. "Halafu atanipeleka kwa aliyemtuma."

Kisa cha tatu akawa amenichagulia yeye.