Chumvi ya Ijumaa

Tangu mume wangu Idrisa amalize mionzi ya saratani ya koo, mdomo wake ni mkavu na kila chakula kwake ni kama majivu. Miezi minne amekula mapishi yangu kimya, yeye ambaye mji wetu mzima wa Mpemba unamjua kwa kukosoa mboga! Kimya hicho kiliniuma kuliko maneno. Basi kila Ijumaa nikawa nazidisha chumvi makusudi, nimchokoze.

Leo amemeza kijiko kimoja cha mchuzi, akanitolea macho.

"Mwasiti! Unataka kuniua kwa chumvi?"

Nikapiga vigelegele mpaka jirani yangu Roda akaja mbio, mikono imejaa unga.

"Kuna harusi?"

"Harusi gani! Mume wangu kanigombeza!"