Hadithi Iliyohamia Kawetele

Wasomaji walikuwa watatu. Neema, mwenye kibaraza, hakuhesabika, maana yeye alikuwa fundi cherehani na vitabu alivisikia tu huku mguu ukikanyaga mashine. Kila Alhamisi, mvua ikikatika, walikaa kwenye benchi la wateja wake pale Kawetele na kusimuliana vitabu vya kutisha walivyovipenda kuliko vyote.

Mwalimu Vicent ndiye aliyewahi kufika, kwa kuwa alipanga nyumba ya jirani. Alikuwa mtu wa Singida, serikali ilimleta huku, na baridi ya Rungwe ilikuwa bado haijamzoea. Koti halikumtoka hata Januari. Janeth, muuguzi wa zahanati, alikuja na mfuko wa vitabu alivyovikuta kwa wauza mitumba wa Mbeya, vingine bila jalada, vingine vimenyofolewa kurasa za mwisho. Na Marietha, mjane wa marehemu Methusela, mama wa chai na migomba, alifika na mkoba wenye Biblia na riwaya ya majini, katikati kaweka kitenge ili visigusane.

"Mama Tulia, mtu wa maombi kama wewe, hivi vitabu unavisomaje?" Vicent alimchokoza.

"Navisoma nikijua nani anashinda," Marietha alimjibu. "Wewe usiyejua ndiyo maana unalala taa inawaka."

Aliishia darasa la saba. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, lakini alichokisoma hakikumtoka. Tangu Methusela afariki na binti yao Tulia aolewe Dar, nyumba ilikuwa kimya, na kwenye vitabu vile palikuwa na watu.

Walikuwa na desturi yao, wakaiita kuhamisha. Ukisimulia kitabu ulichokipenda, hukisemi kilivyoandikwa. Kitabu kikisema Tanga, wewe unasema Mpuguso. Mnazi unakuwa mgomba, bahari inakuwa mto Kiwira. Na husemi kwamba ni kitabu mpaka umefika mwisho, kwa sababu hofu ikishajua ni karatasi inakaa chini. Aliyewaogopesha wenzake kuliko wote ndiye aliyeondoka na kitabu kipya cha Janeth.

Alhamisi ile Vicent alisimulia cha mwalimu mgeni aliyepewa nyumba yenye vyumba viwili, na kila asubuhi akakuta kitanda cha chumba asicholala kimetandikwa vizuri, shuka bado lina joto. Janeth alikuwa na kisima kinachoita jina la mtu siku moja kabla hajafa.

"Kwa nini husimulii cha mochwari?" Vicent alimuuliza.

"Vya mochwari havinitishi, kaka. Naona makosa tu. Maiti anakaa anaongea, hata pamba hawajamtoa puani."

Neema alicheka mpaka uzi ukakatika.

Zamu ya Marietha ilipofika, alikunja mikono mapajani. Kitabu chake kilikuwa cha mwanamke wa kisiwani aliyefiwa na watoto wote. Kila siku anapika chakula cha familia nzima, anapanga sahani barazani kwa ajili ya wafu wake, na anawakaribisha wapita njia. Anayekula sahani ya mfu, anakwenda mahali pake, na mfu anapata nafasi ya kurudi. Marietha alikihamisha. Akakitia kwenye migomba, karibu na njia ya kushukia mashamba ya chai. Akaweka ukungu. Samaki akamfanya ndizi za mbalaga. Na alipofika kwenye sufuria, kitabu hakikusema lilikuwaje, naye akahitaji sufuria ambalo msikilizaji ataliona, basi mdomo ukachukua lile ambalo jicho lake lilikuwa linalijua: sufuria kubwa jeusi, mkono mmoja umekatika, umefungwa waya.

Mashine ya Neema ilisimama. Janeth alijifunika shali mpaka puani. "Chukua kitabu, mama," alisema. "Leo mimi nasindikizwa."

Marietha alirudi nyumbani na kitabu kipya, amefurahi kama mtoto. Njiani alipita kwa Bibi Tumpe, jirani yake, akaketi, akala ndizi alizokaribishwa. Zilitoka kwenye sufuria lile lile. Na hata hapo hakushtuka, maana kwake mwanamke wa kitabuni alikuwa mrefu, mwenye bangili, na Bibi Tumpe alikuwa kazee kafupi, aliyezika mume na watoto wake wote, mkono wake haujajifunza kupika kidogo. Alipika kingi, akakaribisha watu. Watoto wa shule walikula pale. Vijana wa bodaboda walikula pale.

Baraka alikuwa mmoja wao, kijana wa Ambokile mfuga ng'ombe. Wiki ile alikula kwa Bibi Tumpe, akawasha pikipiki, na kwenye kona ya kushuka Mpuguso, barabara ikiwa tope, lori likamkuta. Alifia njiani kupelekwa hospitali.

Marietha alikuwa jikoni msibani na wanawake wenzake, wanamenya ndizi, alipomsikia mmoja akinong'ona kwa mwingine. Ule mnong'ono ulikuwa na sahani barazani. Ulikuwa na mfu anayesubiri nafasi. Ulikuwa na sufuria lenye waya. Kisu kilimsimama mkononi.

"Hayo umeyasikia wapi, dada?"

"Kwani nani hayajui? Wanaoshona kwa Neema wote wanayajua."

Akamfuata Neema palepale, chini ya turubai, akamvuta pembeni.

"Neema, uliwaambia watu nini?"

"Nilichosikia, Mama Tulia."

"Uliwaambia ni cha kitabuni?"

Neema alitazama miguu yake. "Nilikuwa nakata vitambaa. Ukisema cha kitabuni, wateja wanaacha kusikiliza. Si ndivyo mnavyofanya nyie wenyewe?"

Marietha alimwacha pale pale. Akaondoka kwenda nyumbani kukichukua kitabu. Alitembea akiomba, Kyala, Mungu wangu, nisaidie, na moyoni aliona jambo litaisha, kwa kuwa wataona maandishi, wataona kisiwa, wataona jina la yule mwanamke ni jingine kabisa, na mioyo itatulia. Alirudi amekifunga kwenye kitenge, Vicent akaongozana naye, na wote wawili wakainama mbele ya Ambokile aliyekuwa ameketi na wanaume, macho mekundu, kofia mapajani.

"Baba Baraka, pole tena," Marietha alisema. "Nimekuja kwa habari ya Bibi Tumpe. Maneno yanayozunguka niliyasema mimi. Yametoka humu. Ni hadithi tu, nikaibadilisha ifanane na huku kwetu. Soma mwenyewe."

Ambokile alikipokea. Alisoma ukurasa ule wa sahani, polepole, kidole kikifuata mistari. Akaugeuza, akaurudia.

"Hiki kimechapishwa wapi?"

"Dar es Salaam," Vicent alisema. "Ni riwaya, mzee. Mtu amekaa akabuni kichwani."

"Dar." Ambokile alikifunga kitabu, akakishika kifuani kama mtu aliyepokea barua aliyoingoja. "Kwa hiyo Dar nzima walikuwa wanajua. Wameandika, wamepiga chapa, watu wanauziwa. Sisi tunaokaa naye ndio tulikuwa hatujui."

"Sivyo, baba Baraka. Huyu ni wa kisiwani. Tazama jina."

"Mchawi atakupa jina lake?" aliuliza mzee mmoja aliyekaa nyuma.

"Hakuna mtu kama huyo," Vicent alisema, sauti ikipanda. "Hayupo. Hajawahi kuwepo."

"Mwalimu," Ambokile alisema bila ukali, "wewe ni wa kuja. Mtoto wangu alikula pale, na leo yuko kwenye sanduku. Nani hayupo?"

Hakukirudisha kitabu. Kilizunguka kwa wanaume, mkono kwa mkono, na aliyekuwa hajui kusoma alisomewa. Marietha alisimama pale mikono mitupu, akitazama vichwa vikiinamia ukurasa ule kama watu wanaosoma zaburi. Alikuwa ameleta maji, akaona ni mafuta ya taa.

Baada ya mazishi alikwenda kwa mzee wa kanisa, Lukasi, mtu wa haki, aliyemzika Methusela kwa heshima zote. Lukasi alimsikiliza mpaka mwisho, akaagiza chai iletwe.

"Mimi nakuamini, mama," alisema. "Najua ni kitabu."

"Basi Jumapili simama uwaambie."

Lukasi alikoroga chai iliyokwisha kukorogeka. "Nikisimama, nusu wataamini. Nusu ile nyingine watauliza mbona mzee anamtetea, naye anakula kwake? Mama, nina watoto. Tuombe. Muda utawapoza."

"Wakati tunaomba, wao watafanya nini?"

Lukasi akamsukumia sahani ya magimbi.

Walichofanya hakikuchelewa. Bibi Tumpe alikwenda kisimani asubuhi, na aliporudi akakuta migomba yake yote imelala. Haikuibwa hata mkungu mmoja. Ilikatwa tu, shina kwa shina, na mikungu michanga ikaachwa kwenye tope. Marietha alipofika, alimkuta amekaa katikati, utomvu umemchafua kanga, anaunganisha shina kwa mikono kama mtu anayefunga mguu wa mtoto uliovunjika.

"Mwanangu," alisema, "hawa wenye kukata hawajui mgomba unachipua?"

"Wanajua, bibi."

"Basi watarudi kukata tena."

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja, akasikitika, akasema uchunguzi utafanyika. Kisha akamwita Marietha pembeni, akamshauri kwamba kwa usalama wa bibi ingefaa aende kwa ndugu, angalau kwa muda. Ndugu aliyebaki alikuwa mtoto wa dada yake, huko Kyela kwenye joto. Hakuna aliyetaja muda huo ni upi.

Janeth alikuja kusaidia kufungasha, akalia waziwazi, mikono ikikunja nguo hovyo. Vicent alitafuta bajaji. Dereva wa kwanza alikataa alipoambiwa ni nani anayebebwa, wa pili akakubali kwa sharti kwamba sufuria lisipande. Likabaki chini, karibu na kizingiti, na Bibi Tumpe akalitazama kidogo tu, kama anayemtazama mtu aliyeamua kubaki.

Alikuwa hajui kusoma, lakini masikio yalikuwa mazima, na kijiji chote kilikuwa kimesema. Walipokaa kwenye kizingiti wakisubiri dereva ageuze, alimshika Marietha goti.

"Hicho kitabu chako. Wanasema ni mimi."

"Si wewe, bibi. Nakuapia mbele za Mungu si wewe. Nilihitaji sufuria, nikachukua lako. Nisamehe."

"Lilikuwa sufuria zuri. Nisingekukatalia." Akakunja pindo la kanga. "Huyo mama wa humo ndani, anaishaje?"

Marietha angeweza kumdanganya. Midomo ilikwishaanza. Lakini uongo mmoja aliousema kwa raha, barazani, kwenye benchi la wateja, ulikuwa umekaa pale mbele yao na migomba iliyolala, na hakuwa na nguvu za kuusema mwingine.

"Wanamfukuza," alisema.

"Halafu?"

"Halafu kijiji kinapona."

Bibi Tumpe aliitikia kwa kichwa, akifikiri, kama mtu aliyepewa bei akaiona si mbaya. "Basi na Ambokile apone," alisema. "Mtoto anauma, mwanangu. Ukifiwa unatafuta pa kushika, popote. Mimi nilivyozika wangu nilimshika Mungu, nikamkaba. Ambokile kanishika mimi." Akasimama kwa kushikilia bega la Marietha. "Ndaga, asante. Usilie, watasema unanililia."

Bajaji ilishuka na njia ya tope, ikiyumba. Hapakuwa na aliyetoka nje. Milango ilifungwa nyumba kwa nyumba, na kwenye dirisha la Neema pazia lilitikisika, likatulia.

Alhamisi hazikuendelea. Janeth aliomba uhamisho. Vicent alibaki kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, lakini akikutana na Marietha walisalimiana tu, kila mmoja akaharakisha. Marietha alivichoma vitabu vyake, akaona aibu kuvichoma, maana karatasi hazikuwa na kosa. Kile cha sahani hakukipata tena. Kilikuwa bado kinatembea, nyumba hadi nyumba, kimewekewa jalada la gazeti, na alisikia kwamba kule Igogwe kuna watu wanasomeana wakiita Kitabu cha Tumpe.

Ambokile hakupona. Alionekana akipita peke yake kwenye kona ya Mpuguso, akisimama pale pale lilipokuwa lori. Kisha katikati ya msimu wa mvua mtoto wa nyumba nyingine akapata homa, akafa, na Bibi Tumpe alikuwa mbali, Kyela, hana sufuria, hana migomba. Marietha alidhani sasa wataona. Alimshukuru Mungu kwa wazo hilo, kisha akatubu kwa kushukuru juu ya kaburi la mtoto.

Jumapili iliyofuata aliwahi kanisani kama kawaida, akakaa kwenye benchi lake la upande wa wanawake, la tatu kutoka mbele. Watu waliingia. Benchi la mbele likajaa, la nyuma likajaa, wengine wakasimama mlangoni na watoto mgongoni. Mama mmoja mgeni alianza kuketi kando yake, na mwenzake akamvuta mkono kwa upole, akamnong'oneza. Marietha hakuhitaji kusikia. Aliyajua maneno yenyewe na mpangilio wake: anaishi peke yake, alizika mume, alikula kwa yule bibi kila siku, na hadithi yote ni yeye aliyeileta.

Akafungua kitabu cha nyimbo. Wimbo ulipoanza aliimba, kwa kuwa asingeimba wangeona hilo pia, na pande zote mbili za benchi mbao zilikuwa tupu.