Friji ya Mkubwa

Kuuita uwanja wa ndege ni kuupa heshima tu. Njia moja ya vumbi, banda la mabati, mizani, na gari moja la zimamoto. Ndege ndogo inaleta wachimba mafuta na kuondoa wengine, na kabla hujapanda unapimwa kama gunia, wewe na begi lako.

Siku hiyo mzimamoto wa uwanja alimleta mkewe. Mimba kubwa, miguu imevimba, kichwa kinamgonga. Nesi wa kambini hakuficha: mama huyu leo hii afike hospitali ya mjini, mimi hapa nina vidonge na bandeji tu. Visima vyote vile vya mafuta, daktari hakuna. We acha tu.

Mke akapanda mizani, akashuka. Karani akajikuna kisogo.

"Shemeji, ndege imejaa. Utaenda kesho."

"Imejaa nini?" mume akauliza. "Si asubuhi ulimwandika mwenyewe?"

"Kuna mzigo wa mkubwa."

Wakachungulia ndani. Viti vya nyuma vimetolewa, na pale imelazwa friji ya nyumbani kwa meneja, mbovu, inapelekwa kwa fundi. Imefunikwa blanketi.

"Wasiwasi wao isipate baridi," mke akasema.

Mume hakucheka. Alikwenda kwenye gari lake, akavua kofia, akavua lile koti zito, akalikunja vizuri, akakaa kwenye ngazi ya gari. Rubani aliyekwisha kuwasha injini akamwona, akaizima. Pale kila mtu anajua: ndege hairuki mpaka mzimamoto asimame na mpira wake wa maji, amevaa.

Meneja akaja mbio, shati limechomoka.

"Unataka kufukuzwa?"

"Nifukuze, bosi. Halafu mpira ushike wewe."

"Wiki nzima nakunywa maji ya moto, bwana."

"Pole sana."

"Mimi bila huyu siruki," rubani akasema. "Malizaneni."

Friji ikashushwa, viti vikarudishwa. Mke akapanda, akanyoosha mkono. "Baba, huji?"

"Nikija nani atashika mpira, mama?"

Akavaa, akasimama mahali pake. Ndege ikakimbia, vumbi likamjaa machoni. Meneja alikuwa ubavuni mwake anafoka, kazi huna, umesikia, kazi huna. Hakumtazama hata kidogo. Magurudumu yalipoacha ardhi ndipo akamgeukia.

"Haya, bosi. Sasa sema."